Soksi Juu ya Jiko

Siku moja na nusu ndani ya basi,
jangwa likinisindikiza hadi lilipochoka,
na niliposhuka Valdivia mvua ilikuwa inanyesha.
Nikajibanza chini ya paa la stendi
kungoja ikatike.
Bado nangoja.

Kwetu Calama tone likianguka
watoto hutolewa darasani wakalitazame.
Baba anaendesha lori la mgodi wa shaba,
tairi lake limeupita mlango wetu kwa kimo,
na vumbi lake tunalila pamoja na mkate.
Mwavuli niliuona kwenye filamu.
Nami, wa kwanza wa ukoo kuvuka lango la chuo,
nikachagua uhandisi wa misitu.
Usiniulize. Nilikuwa na miaka kumi na minane
na picha moja ya kijani ukutani.

Wiki ya kwanza, wale wa mwaka wa pili
walitupaka unga, mayai, maji ya samaki wa juzi,
wakatuvua viatu wakavifunga rundo moja:
"Kaombeni sarafu darajani, ndipo mvikomboe."
Nikaomba. Peku, unga ukigeuka uji shingoni.
Mama mmoja muuza kome, kisu hakikusimama mkononi,
alinitupia peso mia.
"Wa wapi wewe? Unatetemeka kama kifaranga."
"Wa kaskazini."
"Basi tafuta soksi za sufu, mwanangu.
Shahada itakuja baadaye."

Profesa Oyarzo akainua jani.
"Yerko, huu mti gani?"
Nikalitazama mbele, nikaligeuza nyuma.
"Mti," nikasema, "wa porini."
Walicheka hadi vioo vya madirisha vikaingia ukungu.

Mtihani wa hesabu: mbili nukta moja.
Kufaulu ni nne.
Mama akipiga simu, "Unakula?"
"Nakula."
Tambi nilizila kwa chumvi tu,
siagi niliupaka uongo.

Chumba nilishirikiana na Lientur Huenchumán,
mtu wa ziwani, asiyetamka neno kabla ya saa nne asubuhi.
Jioni tulianika soksi juu ya jiko la kuni la doña Elcira,
zangu zikinuka mbuzi aliyelowa,
naye, macho kwenye moto, akinisomea paa la bati:
"Hii si mvua, ni umande wenye haraka.
Hii ni ya kulalia.
Hii inakuja kwa ubavu, usiisumbue na mwavuli."
Nikaisumbua. Nimezika mitatu kwenye pipa la taka.

Jumamosi moja alinipeleka msituni.
Hakunionyesha kitabu. Alichuma jani, akauma nusu,
nusu akanipa. Likanichoma ulimi kama pilipili manga,
machozi yakanitoka.
"Huyu ni foye," akasema. "Sasa hutamsahau."
Na kweli. Jina la kilatini nililikariri baadaye,
ulimi ukiwa umeshamjua mwenyewe.

Juni: tatu nukta nane.
Nikaibusu karatasi mbele ya watu.
Kuanguka ni kulekule,
lakini safari hii niliangukia kizingitini.

Julai nikarudi nyumbani likizo.
Dada alinicheka: nimefua shati,
nimelianika uani, kila dakika tano natazama mbingu.
Mbingu ya Calama, isiyo na hata kovu.
Usiku usingizi ukanikataa. Kimya
kilikuwa kimenikalia kifuani kwa uzito wa begi.
Nikanyata hadi bafuni, nikafungua bomba
kidogo tu, lidondoke,
nikakaa chini sakafuni, mgongo ukutani,
nikasinzia.

Baba aliporudi zamu ya usiku,
kofia ya mgodi bado kichwani,
alilifunga bila kuuliza.
"Maji hapa yana bei," akasema.
Kisha akasimama pale mlangoni kitambo,
akanitazama kama mtu anayesoma kibao
cha njia aliyoizoea, kilichobadilishwa jana.